Fyuzi ya ngapi kwa transfoma ya 500 VA? Ya 2 inakatika, ya 10 naiogopa

Waya wa Chuoni, Wete

Assalaam alaykum mafundi. Naomba msaada kabla sijaunguza mali ya wakfu.

Mimi si fundi wa kusomea. Nilijifunza kwa ami yangu kwenye kibanda chake cha redio, nikiwa bado skuli, na tangu siku hizo kila chenye waya mtaani kwetu huletwa kwangu, mpaka pasi. Sasa nimeletewa amplifaya ya chuo. Ya zamani, boksi la chuma, kuinyanyua lazima uvute pumzi kwanza. Ndiyo inayotumika kwa darsa, kwa maulidi, na mtu akifiwa. Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, huo unaingia, na maalim ameshanijia mara tatu. Mara ya mwisho hakuuliza kitu, alinitazama tu akaondoka.

Nilipoifungua sikukuta fyuzi. Nilikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa, imesukumwa ndani ya kishikio. Transfoma ilikuwa imekwisha: vanishi imechuruzika mpaka chini ya boksi, nyeusi kama asali iliyoungua, na harufu yake haijatoka mikononi mwangu siku mbili. Nani aliyeiweka karatasi ile hajulikani. Wote wanaapa, na chuoni hakuna anayevuta sigara.

Basi nikaagizia transfoma Unguja, ikaja na meli mpaka Mkoani, nikaenda kuipokea mwenyewe. Ni ile ya duara, kama kata ya kujitwikia ndoo. Imeandikwa 500 VA (yaani volti kuzidisha ampea), kuingia 230 V 50/60 Hz, kutoka 35-0-35, yaani volti 35 kila upande wa waya wa kati. Koili ya kuingilia nimeipima kwa mita, inasoma omu 2.4. Namba ya fyuzi iliyokuwa imeandikwa nyuma ya boksi imeliwa na kutu, haisomeki.

Nikapiga hesabu: 500 gawa kwa 230 ni ampea 2.17. Nikasema sisi hatuifungui sauti mpaka mwisho, ya 2 itatosha. Nikanunua tano za kioo. Ya kwanza, kuwasha tu, nuru ndani ya kioo, kwisha. Ya pili ikashika! Nikaweka kisomo, ikalia saa nzima, transfoma imepata uvuguvugu kidogo tu. Nikazima nikaenda kula. Niliporudi kuwasha, pa! Ya tatu nikaiweka huku nimezifungua nyaya zote za kutokea, yaani transfoma peke yake, haina mzigo hata wa taa. Ikawaka mara mbili, mara ya tatu ikakatika. Hapa ndipo niliposhindwa. Kitu hakina mzigo, kinakula fyuzi vipi?

Kijana mmoja akaniambia weka ya 10. Nimeweka, haikati. Lakini usiku nikawa naiona ile karatasi ya sigara. Kuna tofauti gani baina yake na ya 10?

Naomba mnijibu mambo mawili: ya ngapi hasa, na kwa nini mara inashika mara inakatika.

---

Kijana wa Spika, Chake Chake

Yakhe unajisumbua. Mimi napiga muziki harusini miaka sita, amplifaya zangu zote zina ya 10 na haijawahi kutokea kitu. Fyuzi ndogo zinakuvunjia heshima mbele za watu, bibi harusi anaingia sauti hakuna. Weka ya 10 uende zako.

---

Mzee Risasi, Mlandege

Waalaykum salaam. Mwanangu wa Wete, umeuliza vizuri kuliko mafundi wengi wanaonijia dukani, kwa sababu umepima, na umeifungua mizigo kabla ya kulaumu. Huyu wa Chake ntamfikia.

Kwanza zichukue zile fyuzi zilizokufa uziangalie kwenye mwanga. Kama kioo kimepakwa weusi wenye kung'aa ndani, mfano wa kioo cha kujitazamia kilichoharibika, basi waya umelipuka kwa mkupuo mmoja mkubwa. Kama kioo ni safi na waya umelegea ukakatika katikati, hiyo imeelemewa polepole. Kwa ulivyosema "nuru ndani ya kioo", naapa zako ni nyeusi. Kwa hiyo ile hesabu yako ya 2.17 haina kosa, ila hiyo ni ya mzigo, na fyuzi zako zinakufa kabla mzigo haujaanza.

Transfoma ikiwa inakwenda, kinachouzuia umeme si ule waya wa omu 2.4. Ni sumaku inayopanda na kushuka ndani ya chuma. Chuma hicho kina kiasi chake, kikishiba sumaku hakipokei tena, na pale koili inageuka kuwa waya mtupu. Sasa umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Kidole chako kikibonyeza swichi wakati volti zipo kileleni, sumaku inaanza sawasawa na hakuna kinachotokea. Kikibonyeza wakati volti zinapita kwenye sifuri, sumaku inalazimika kupanda karibu mara mbili ya kawaida yake, chuma kinashiba, mkupuo unapita. Na ikiwa mara ya mwisho ulipozima chuma kilibaki na sumaku kidogo ya upande huo huo, ndiyo balaa zaidi. Kidole hakioni hayo. Ndiyo maana mara inashika, mara inakatika. Transfoma za duara ndizo mbaya kwa hili, kwa sababu chuma chake kimezungushwa bila kiungo hata kimoja, sumaku inabaki ndani na haina pa kutokea.

Mkupuo wenyewe ni wa kiasi gani? Kilele cha 230 V ni volti 325. Omu zako 2.4, ongeza za nyaya za nyumba na kamba, tuseme jumla 3.2. 325 kwa 3.2 ni kama ampea 100. Ni wa muda mfupi mno, milisekunde chache, kisha unashuka kila mzunguko mpaka unapotea. Lakini fyuzi ya 2 haina muda wa kusubiri maelezo.

Sasa soma kwenye kifuniko cha fyuzi zako. Nadhani utaona F kabla ya namba. Herufi hizi ni za Kijerumani: F ni flink, yaani ya haraka, na T ni träge, ile nzito ya kuchelewa. Ukiipa F mara kumi ya namba yake, kwa kawaida yake iwe imekatika ndani ya milisekunde 20, mzunguko mmoja tu wa umeme wetu. T ukiipa mara kumi hiyo hiyo inaruhusiwa kuvumilia mpaka milisekunde 300. Kwa transfoma, mwanangu, F usiiweke upande wa kuingilia. Ni T tu.

Namba: chukua 2.17, zidisha kwa moja na nusu, unapata 3.26. Madukani hakuna ya 3.26. Namba zinakwenda 2, 2.5, 3.15, 4, 5, 6.3. Weka T 3.15. Ya 2.5 ingebeba mzigo wako, lakini ile mikupuo ingeichosha waya wake na ingekufa usiku wa maulidi, kwani fyuzi huchagua usiku wake.

Na wewe wa Chake. Fyuzi ya kioo ya ampea 10 haikatiki kwenye ampea 10. Kwa kiwango ilichotengenezewa, ukiipitisha mara moja na nusu, yaani ampea 15, inatakiwa ikae angalau nusu saa bila kukatika. Ampea 15 kwa volti 230 ni wati 3,450. Hilo ni jiko la umeme la sahani mbili, umelifungia ndani ya boksi la amplifaya pamoja na vanishi na plastiki, na limeachwa linawaka huku bibi harusi anaingia. Hayajakufika kwa sababu hujapata transfoma iliyoungana nyuzi. Mimi imenifika, mwaka wa pili tu wa ufundi, amplifaya ya mtu, na niliyeweka fyuzi kubwa ni mimi. Pazia lilishika moto. Nimelilipa pazia, na mteja yule mpaka leo akiniona Darajani anavuka upande wa pili.

Lakini hata T 3.15 usidhani inalinda kila kitu. Ile ya kioo, ili ikatike ndani ya dakika mbili inataka mara 2.1, yaani ampea 6.6, na hizo ni wati 1,500. Kwa hiyo transfoma inaweza kuelemewa mara mbili na fyuzi ya kuingilia ikakaa kimya kama haipo. Ndiyo sababu upande wa kutokea lazima uwe na zake. 500 gawa kwa 70 ni ampea 7.1, weka T 8 kwenye kila waya wa 35 kabla ya daraja la daiodi, zile zinazougeuza umeme kuwa DC, wa upande mmoja, na T 5 kwenye kila njia ya DC baada ya kapasita. Utashangaa mbona DC ni ndogo: kapasita hujaza kwa vipande vifupi vikali, transfoma ya ampea 7 inakupa kama ampea 4 za DC kwa raha. Ila hakikisha amplifaya ina relay, ile swichi inayovutwa na koili yake, ya kulinda spika, maana fyuzi ya njia moja ikikatika peke yake, spika zinaweza kupokea DC yote. Na uulize transfoma yako kama ina kikata joto ndani ya koili, wengine hukiweka, kinafungua kwenye nyuzijoto 130.

Na ukipata, isiwe ya kioo. Tafuta ya kauri nyeupe yenye mchanga ndani, imeandikwa H. Ya kioo ya L ya namba kama yako inaweza kukata ampea 35 tu kwa usalama, ile ya H inakata 1,500. Nyumba iliyo karibu na transfoma ya nguzoni ikipata shoti inatoa mamia ya ampea, na kioo kikipasuka kinaacha njia ya cheche.

---

Mpanda Nguzo, Fuoni

Mimi nimestaafu, kazi yangu ilikuwa laini kubwa huko bara. Nimefurahi kusoma maana hesabu ni ile ile, ila sisi tulikuwa tunaifanyia juu ya nguzo. Transfoma ya 100 kVA upande wa 11 kV: 100 gawa kwa 11 gawa kwa 1.73, unapata ampea 5.25. Lakini fyuzi ile ya mrija, ambayo ikikatika mrija unaanguka na kuning'inia, lazima ivumilie mara 12 ya hizo kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mara 25 kwa sehemu moja ya mia. Yaani ampea 63 na ampea 131. Usipoipa nafasi hiyo, kila umeme ukirudi unapanda ngazi. Nimepanda sana usiku, na mvua, kwa ajili ya fyuzi iliyochaguliwa na mtu aliyekaa ofisini akatazama 5.25 peke yake.

---

Mama Barafu, Mkoani

Samahani nachomekea. Stabilaiza ya friji yangu nayo umeme ukikatika na kurudi papo hapo inanguruma kisha fyuzi inakwenda. Nauza malai na barafu, mwezi huu nimenunua fyuzi nne. Ni ugonjwa huu huu?

---

Mzee Risasi, Mlandege

Hapana bibi, wako ni mwengine. Friji iliyotoka kuzimika bado ina shindikizo la gesi upande mmoja, mota haiwezi kuzunguka, inavuta umeme mwingi imesimama pale pale. Umeme ukirudi isubiri dakika tano. Stabilaiza nyingi zina kitufe cha kuchelewesha, mtu atakuwa ameking'oa au kimewekwa kwenye sekunde sita. Kiweke kwenye dakika. Fyuzi yako usiipandishe namba.

---

Waya wa Chuoni, Wete

Mzee Allah akulipe kheri. Nimezitoa pipani nikazitazama. Zote tatu nyeusi zinang'aa, na zote zimeandikwa F2AL250V. Nimezitumia miaka yote hii sikuwahi kuisoma ile F.

Hapa Wete sikupata T. Nimepanda gari mpaka Chake, kuna mzee anazo zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, zote zimechanganyika, mamia. Tulizimwaga juu ya kanga tukawa tunasoma moja moja kwa kamera ya simu, maana maandishi yenyewe ni madogo na macho yake na yangu mamoja. Saa nzima. Nimepata T3.15AH250V mbili za kauri, na T8 na T5 za kutosha.

Nimeweka. Nimewasha na kuzima mara 20 nikihesabu kwa sauti, haikukatika. Lakini taa ya chumbani inapepesa kila nikiwasha. Na swali: hapa kwetu jioni umeme unaweza kwenda na kurudi mara tatu kabla ya Isha. Kila kurudi si mkupuo mwengine? Zile mbili hazitanimalizia Mfunguo Sita.

---

Mzee Risasi, Mlandege

Ndiyo, kila kurudi ni mkupuo. Wengine watakwambia weka NTC, kile kidude cheusi cha duara kinachoanza na omu kumi kikipata moto kinashuka. Kwa kwenu sikupi hicho. Umeme ukienda sekunde mbili ukarudi, kidude bado cha moto, omu zake zimeshashuka, hakizuii kitu.

Tumia resista ya omu 47 wati 10, ile ya simenti nyeupe, iwe mfululizo na koili ya kuingilia, baada ya fyuzi. Kisha relay ya 230 V ya AC, koili yake iunge sambamba na transfoma baada ya resista, na mdomo wake uipite resista. Ukiwasha, umeme unapita kwenye resista kwanza: 325 kwa 50 ni ampea 6.5 badala ya 100. Volti zikishapanda kwenye transfoma relay inajivuta yenyewe na resista inatoka kazini. Umeme ukikatika relay inaachia papo hapo, kwa hiyo hata ukirudi baada ya sekunde moja resista ipo inakungoja.

Ubaya wake mmoja. Relay za aina hii zinataka kama volti 184 ndipo zijivute. Jioni umeme ukiwa mdogo haitafunga, na resista itabaki inabeba mzigo wote mpaka iwake. Kwa hiyo funga kwenye mwili wa resista fyuzi ya joto, ile ndogo ya kwenye pasi na birika, igusane nayo kabisa, nayo iwe mfululizo. Usiilehemu bila kuishika miguu yake kwa koleo, joto la risasi litaiua kabla haijaanza kazi.

Na kabla ya kuunga amplifaya yenyewe, pitisha kwanza kwenye taa ya wati 100 iliyo mfululizo. Taa ya waya ya zamani, si hizi za LED. Iwake ghafla kisha izime au ibaki nyekundu hafifu. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Ukimaliza ngoja kapasita zimwage umeme ndipo utie mkono, zile zina karibu volti 50 kila upande.

---

Kijana wa Spika, Chake Chake

Mzee nimefungua moja leo. Kuna 10 ya kioo, na chini yake kwenye plagi, pale pa fyuzi ya 13, kuna kipande cha msumari. Sikukiweka mimi wallahi. Ya 600 VA niweke ngapi?

---

Mzee Risasi, Mlandege

600 gawa kwa 230 ni 2.6, kwa moja na nusu ni 3.9. T 4 ya kauri. Kwenye plagi weka ya 5, ile inalinda kamba. Msumari ugongee picha ukutani.

---

Waya wa Chuoni, Wete

Nimerudi. Relay nimeing'oa kwenye stabilaiza iliyokufa, resista nimeipata Chake kwa yule mzee wa kopo. Taa ya waya ndiyo iliyonitoa jasho, siku hizi hakuna dukani. Mwisho nikakumbuka bibi anayo moja ya wati 100, anawapashia vifaranga. Nikamwazima kwa dakika kumi.

Nimewasha. Taa ikatoa mwako mmoja, ikafifia, ikawa kama kaa la sigara kwa mbali. Nikaitoa taa, nikawasha moja kwa moja. Relay ikasema tik, kimya, hata taa ya chumbani haikupepesa. Nikazima na kuwasha haraka haraka kama umeme wa kwetu, tik, tik, tik. Fyuzi ile ile. Maalim alikuja jioni, akaishika maikrofoni akasema "Bismillah" mara moja, akairudisha, akaniuliza deni lake ni kiasi gani. Nimemwambia alipe fyuzi na resista tu.

Nimeandika nyuma ya boksi kwa rangi ya kucha ya dada yangu, mahali pale palipoliwa na kutu: T 3.15 H. Chini yake nimeandika: si sigara.

Sasa niache niende, bibi amesimama mlangoni anataka taa yake, vifaranga wanalia.